Siku Niliyogeuka Daktari wa Ng'ombe Jamhuri

Kule Dagoretti kuna akina mama wawili watatu ambao mpaka leo tukipishana sokoni wananiita daktari, na wananiita wakiwa wamebana midomo wasicheke, na mimi naitikia vizuri kabisa, nawauliza habari za nyumbani, kwa sababu nikikataa itabidi nieleze, na nikieleza nitaona aibu upya. Lakini kwa vile mmenibana, na kwa vile mke wangu ameshawasimulia nusu yake (ile nusu inayomfaa yeye), afadhali niimalize mwenyewe. Mimi si daktari. Sijawahi kumdunga hata kuku sindano. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mmoja karibu na River Road, kazi yangu ni kupeleka mafaili kortini na kurudi nayo, na kuwaambia wateja kwamba wakili ametoka sasa hivi.

Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, mimi na Nyambura, tunakaa Woodley kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Jina langu ni Wafula, na Wafula kwetu Bungoma ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na Nyambura kwao Wakikuyu ni wa mvua vilevile, kwa hivyo siku ya arusi mchungaji alisema ndoa hii haitakosa baraka za kutoka juu, watu wakacheka, na kweli siku hiyo ilinyesha mpaka keki ikalowa. Nyambura alikuwa anafundisha shule ya chekechea kule Muthangari, na mwenye shule alikuwa mama wa Kijerumani tuliyemwita Madam Helga, ambaye alikuwa na kombi nyeupe ya kulala. Ndani ina kitanda cha kukunja, jiko la gesi la mafiga mawili, karai la kuoshea vyombo, mapazia ya maua, na kabati dogo la nguo. Shule ilipofungwa Aprili, Madam Helga akaenda kwao kusalimia watu, akatuachia ile kombi wiki nzima, akasema tutembee, sisi bado vijana.

Sasa mnielewe. Mimi nilikuwa najua safari za aina mbili, ya mazishi na ya Krismasi. Kusafiri tu, kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayekungoja, ukalale ndani ya gari ilhali una kitanda nyumbani, hiyo ilikuwa elimu mpya, na mimi niliipokea kama wokovu. Wiki nzima nilitangaza. Niliwatangazia ofisini, nikawatangazia kanisani, nikamtangazia jirani yetu Mama Stella, kwamba Jumamosi tunaelekea Naivasha, tutalala kando ya ziwa, halafu tutaona. Hilo neno "tutaona" nilikuwa nalisema nikitazama mbali.

Basi Alhamisi simu ikalia. (Simu za mkononi ndio zilikuwa zimeanza kuwa za kila mtu, na mimi nilikuwa bado nasimama wima nikipokea.) Alikuwa Mzee Kimani, baba yake Nyambura, mkulima wa pale Dagoretti, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye akikuangalia unakumbuka makosa yako yote. Akaniambia Jumamosi kuna siku ya wafugaji, kwenye uwanja wa shule karibu na kwake, na anampeleka mtamba wake Sofia akashindane, na yule mtu anayemsaidia ameenda kwao, kwa hivyo angependa mkwe wake aje ashike kamba.

Hapo ndipo ningesema tu, mzee, Jumamosi tunasafiri na mtoto wako. Maneno sita. Lakini nilimwona kichwani akiniuliza, mnasafiri kwenda wapi, na mimi nikijibu, kando ya ziwa, na yeye akiuliza, kuna nani huko. Nikashindwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mzee, tumefiwa. Mjomba wangu."

Nikamsikia akivuta kiti. Halafu akasema kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pole sana, kijana. Ni mjomba yupi?"

Nilidhani ningesema mjomba tu iishe. "Yule wa Kimilili," nikasema.

"Barasa? Yule aliyekuja hapa wakati wa mahari, tukaongea naye habari ya mahindi mpaka jioni?"

Nina wajomba wanne. Watatu Mzee Kimani hajawahi kuwaona. Na mimi nikasema, "Huyo huyo."

"Alikuwa mtu mzuri," akasema Mzee. "Nendeni mkamzike. Mambo ya ng'ombe ni mambo ya ng'ombe."

Nikakata simu huku masikio yakiwaka moto. Mjomba Barasa siku hiyo alikuwa mzima kabisa, kwa taarifa yenu, alikuwa anapalilia. Nyambura akatoka jikoni akauliza nilikuwa naongea na nani, nikamwambia ni mteja.

Jumamosi asubuhi jua lilikuwa safi kama limeoshwa. Nusu ya majirani walitoka kutuaga, Mama Stella akashika mlango wa kombi akatuombea safari, akaombea magurudumu, akaombea breki, akaombea na wale ambao hawana magari, na tukaondoka tukipunga mikono. Ukitaka kwenda Naivasha kutoka Woodley huna sababu yoyote ya kupitia katikati ya mji. Mimi nilipitia. Ofisi yetu ilikuwa inafunguliwa Jumamosi mpaka saa sita, na nilitaka tu yule askari wa mlangoni na wale makarani wenzangu wanione nikipita taratibu na mapazia ya maua. Nyambura akanitazama tu jinsi anavyowatazama watoto wa chekechea wanapokula chaki. Nilipita mara mbili. Hakuna aliyetoka nje, kwa sababu mara ya pili ndipo mvua ilipoanza.

Na si mvua ya kuanza polepole. Ilimwagwa. Nikawasha waipa, na hapo tukagundua jambo ambalo Madam Helga alisahau kutuambia, kwamba waipa inayofanya kazi ni ya upande wa abiria tu. Nyambura alikuwa anaona barabara vizuri kabisa, mimi nilikuwa naona maji. Kwa hivyo tukaendesha hivyo, yeye akiwa macho na mimi nikiwa mikono, tukapanda Uhuru Highway tukiongea kama watu wanaoteremsha kabati kwenye ngazi.

"Kulia kidogo. Kidogo, Wafula. Hapo mbele kuna mkokoteni."

"Uko wapi?"

"Simama. Haya, umeenda. Mwenye mkokoteni anakusalimia kwa mkono, usiangalie."

Westlands ilikuwa imegeuka mto. Polisi mmoja aliyejifunika nailoni akatuambia mbele ya Kangemi mti umeanguka barabarani, hakuna kupita, turudi au tungoje. Mimi nikasema hatungoji, tutapita chini kwa chini, tuingie Muthangari, tutokee Ngong Road, tuzungukie upande ule mwingine. Nyambura akasema tungoje. Nikamwambia msafiri wa kweli hangoji. (Sijui nililitoa wapi.) Na pale Muthangari, mita chache kutoka shule anayofundisha, nikiwa nakwepa dimbwi ambalo Nyambura alikuwa ameniambia nisilikwepe, gurudumu la nyuma likaingia mtaroni.

Sitawachosha. Yeye alishika usukani, mimi nikashuka kusukuma, nikasukuma, kombi ikaruka ikatoka, na mimi nikabaki pale ilipokuwa, nimelala kifudifudi mtaroni, matope mpaka kwenye meno. Viatu vyangu vipya kimoja kilibaki huko, na sanduku letu la nguo nilikuwa nimelifunga juu ya paa ili kombi ionekane ya safari, kwa hivyo kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa kimelowa chapachapa. Na tulipofika Ngong Road, jua likatoka. Barabara kavu, watu wanatembea na magazeti, hakuna aliyeona hata tone. Ndivyo Nairobi ilivyo, mvua ya mtaa huu haimjui wa mtaa ule.

"Twende nyumbani ukaoge," akasema Nyambura. "Ni hapa tu."

Na kweli ilikuwa hapa tu. Lakini fikiria. Saa tano asubuhi. Sala ya Mama Stella ilikuwa bado haijamkauka mdomoni. Nirudi na matope, bila kiatu, kutoka Naivasha ambayo sijaiona? Nikasema hapana, tutafute mahali patulivu nijisafishe ndani ya kombi, maji tunayo, halafu tuendelee. Na pale mbele kidogo lango la uwanja wa Jamhuri lilikuwa wazi, na ndani nikaona nyasi na miti na ng'ombe kwa mbali. Ng'ombe pale uwanja wa maonyesho si habari. Sikufikiria kitu. Ile ya Mzee Kimani ilikuwa Dagoretti kwenye uwanja wa shule, mwenyewe aliniambia.

Askari wa langoni akaja dirishani. Akaitazama kombi, akanitazama mimi na matope yangu, akauliza, "Nyinyi ndio wa daktari?"

Nyuma yetu kulikuwa na lori linapiga honi. Matope yalikuwa yameanza kukauka yakinivuta ngozi. Kama ningesema hapana, angeniuliza sisi ni akina nani na tunataka nini, na jibu lilikuwa refu. Nikasema, "Ndiyo."

"Tumewangoja sana," akasema, akafungua kizuizi, akabandika kadi fulani nyuma ya kombi, akatuelekeza tuegeshe chini ya mti mwisho wa mstari. "Ukifika tu watu watakuja." Hilo la mwisho nililisikia lakini halikuingia.

Nyambura akauliza, "Wa daktari gani?" Nikamwambia ni mambo ya maegesho. Akatoa pumzi, akasema anaenda kutafuta chai, na akirudi anataka kukuta mume msafi tuondoke.

Nikavuta mapazia, nikavua kila kitu, nikajimwagia maji ya pipa la Madam Helga juu ya karai, nikajisugua nikasikia raha. Halafu nikatafuta cha kuvaa. Nguo zote zilikuwa maji. Lakini kabatini, kwenye kulabu, kulikuwa na joho la Madam Helga la kuvaa ukitoka kuoga, jeupe, la kitambaa cha taulo, refu mpaka chini ya magoti, na chini yake mabuti ya mpira. Madam Helga alikuwa mwanamke wa kifua, joho likanienea. Nikalivaa, nikafunga mshipi, nikaingiza miguu kwenye mabuti, nikakaa kitandani kumngoja mke wangu na chai.

Mlango ukabishwa. Nikajua ni yeye, nikaufungua.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, na nyuma yake kulikuwa na watu kama kumi na tano wamepanga mstari.

"Daktari, shikamoo," akasema. (Watu wa Nairobi hawasemi shikamoo. Alisema kwa ajili ya joho.) "Mimi iko na ng'ombe inalia tangu jana asubuhi. Nataka kupandisha kwa dume. Sasa nipandishe leo ama ningoje kesho?"

Nataka niwaambie ukweli wa moyo wangu wakati ule. Nilifungua mdomo nimwambie mama, umekosea. Lakini nilikuwa uchi ndani ya joho la mwanamke, na watu kumi na tano walikuwa wananitazama kwa heshima, na mimi katika ofisi yetu hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa heshima, wananitazama kama mlango. Nikakumbuka vile wakili wetu anavyowajibu wateja. Nikakunja uso, nikasema, "Inategemea."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Inategemea," akawaambia walio nyuma.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nikamuuliza. Hilo pia ni la wakili.

"Naona leo."

"Basi fuata hapo."

Akashukuru sana akaenda zake. Akaja mzee ambaye ng'ombe wake anampiga ndama teke, nikamwambia suala kama hilo halitaki haraka. Akaja kijana mwenye mbuzi anayekohoa, nikamwambia aniletee historia yote kwa maandishi. Kila mtu aliondoka ameridhika. Mnaweza kucheka, lakini kufikia mtu wa saba nilikuwa nimeanza kuhisi nina kipaji. Nilikuwa nimeegemea mlango wa kombi, mikono mfukoni, nikimwambia mama mmoja kwamba maziwa ya ng'ombe ni kama kesi, yanatoka kwa wakati wake, ndipo nikamwona Nyambura amesimama na vikombe viwili vya chai.

Aliitazama foleni. Akalitazama joho. Akazunguka nyuma ya kombi akaisoma ile kadi, akarudi akanisogelea karibu kabisa.

"Wafula," akasema polepole, "kadi inasema huduma ya daktari wa mifugo."

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Ingia kwa hii gari, washa, twende. Saa hii."

Na ningeenda. Nawaapia mkono wangu ulikuwa umeshika mlango. Lakini kutoka upande wa mabanda mtu akapiga kelele, halafu vijana wawili wakaja mbio, wakasema daktari, njoo haraka, kuna mtamba ameanguka, tumbo limefura. Nilisema nini? Nilisema inategemea. Wakanishika huku na huku, na ile foleni yote ikanifuata, nikavutwa na mabuti yangu kwenye matope ya mvua ya jana usiku, joho likifunguka kwa chini na mimi nikilikusanya, na Nyambura nyuma yangu akikimbia na chai.

Watu walikuwa wamezunguka. Wakapisha. Katikati kulikuwa na mtamba mweusi na mweupe amelala ubavu, ulimi nje, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, akihema kwa shida, na kando yake amepiga magoti kwenye matope, kofia mkononi, alikuwa Mzee Kimani.

(Baadaye ndipo nilipoelewa. Ijumaa usiku kulinyesha upande huu wote, uwanja wa shule kule Dagoretti ukajaa maji, asubuhi wakahamishwa wote wakaletwa Jamhuri. Na kwa vile hakuwa na mtu wa kumsaidia, Mzee alimfunga Sofia penye majani mabichi yaliyolowa akaenda kumwandikisha, na mtamba akajilia mpaka tumbo likajaa gesi. Mtu wa kushika kamba alikuwa anahitajika kweli.)

Mzee akainua macho. Alianza na mabuti, akapanda na joho taratibu, akafika usoni.

"Wafula," akasema.

"Mzee."

"Umerudi kutoka kwa mazishi."

Nyuma yangu nikamsikia Nyambura akisema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mazishi gani, baba?"

"Ya mjomba Barasa." Mzee hakuwa anamtazama yeye, alikuwa ananitazama mimi. "Jana jioni tulimwombea kanisani."

Nyambura alikuwa ameongea na Mjomba Barasa kwa simu jana yake, siku ya Ijumaa, alimpigia kumuuliza kuhusu mbegu za maharagwe ambazo mama mkwe wangu alikuwa anazitaka. Nikaona anahesabu kichwani, nikaona anafika mwisho wa hesabu, na uso wake ukafungwa kama duka.

Sofia akakoroma. Mtu akasema, "Daktari, fanya kitu, huyu anakufa." Mzee Kimani bado ananiangalia, na katika macho yake, pamoja na yote aliyoyajua sasa, kulikuwa na tumaini dogo la kijinga, kwamba labda kuna jambo hajui juu ya mkwe wake, labda kweli nilisomea. Mtamba yule alikuwa amemlea kwa chupa tangu siku mamake alipokufa. Hilo tumaini ndilo lililonivunja.

"Mimi si daktari," nikasema. "Mimi ni karani. Hili ni joho la kuogea. Mwenye kujua kitu asaidie."

Sitaeleza kelele zilizotoka kwenye ile foleni yangu. Mama wa kupandisha alisema neno kwa Kikuyu ambalo Nyambura amekataa kunitafsiria mpaka leo. Lakini yule askari wa langoni, aliyekuwa amekuja kuona, akajishika kichwa. "Kuna mama mmoja ako hapo nje tangu asubuhi," akasema. "Alisema yeye ndiye daktari. Nikamwambia daktari ameshaingia, aache ujanja."

Nilikimbia mimi. Sikungoja mtu. Nilikimbia mpaka langoni nimeshika joho kwa mkono mmoja, nikamkuta mama mfupi wa miwani amekaa ndani ya kombi nyeupe kama yetu, amenuna, anakula mahindi ya kuchoma. Nikamwambia kwa pumzi moja mtamba, tumbo, mimi ndiye mjinga aliyeingia badala yako, tafadhali. Hakuuliza swali. Alitupa hindi, akachukua mkoba na mpira mrefu, na tukirudi mbio akaniuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu ana mafuta ya kupikia.

Mafuta nilikuwa nayo. Ya kukaangia samaki wa Naivasha. Nikayaleta.

"Wewe mwenye joho," akasema daktari, "shika kichwa. Kaa nyuma ya shingo. Usiachilie."

Nikakaa matopeni nikamkumbatia Sofia kichwa, Mzee akashika kijiti mdomoni mwake asiufunge, na daktari akausukuma mpira taratibu kooni, taratibu, akisikiliza. Halafu ile gesi ikatoka. Sina namna ya kuisema kwa adabu. Ilitoka na sauti na harufu na nusu ya kile alichokula asubuhi, na vyote vilinipata mimi, kuanzia kidevuni mpaka kwenye mshipi. Sikuachilia. Tukammiminia mafuta, daktari akamsugua tumbo, na baada ya muda ambao niliuona kama mwezi, Sofia akatikisa masikio, akakunja miguu ya mbele, akasimama. Watu wakapiga makofi. Mtu wa spika, ambaye alikuwa mbali na hajui lolote, akatangaza kwamba tunawashukuru madaktari wetu wawili kwa kazi nzuri.

Mzee Kimani akajifuta mikono. Akamshukuru daktari kwa heshima zote. Halafu akanijia mimi. Nilidhani atanipiga, na ningesimama nipigwe.

"Una simu?" akaniuliza.

"Ninayo, mzee. Kwenye kombi."

"Nipigie Barasa nimsalimie."

Nikapiga. Nilisimama pale na uchafu ukinitiririka, nikamsikiliza baba mkwe wangu akimuuliza mjomba wangu habari za afya, habari za mvua, kama mahindi yameota. Hakumwambia kitu. Alicheka hata mara moja. Mwishoni akasema, "Basi Mungu akuweke, ndugu yangu, akuweke sana," akanirudishia simu bila kunitazama.

Nyambura alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kombi. Nikaanza kusema samahani, akainua mkono.

"Ulimdanganya baba, ukanidanganya mimi, ukadanganya lango," akasema. "Mimi nilidhani niko na mtu mmoja kwa hii safari."

Daktari alikuwa ameagiza Sofia aangaliwe siku tatu, ale nyasi kavu tu, mtu awe karibu. Mzee akaniuliza kama nina likizo. Nikasema ninayo. Akasema, "Basi." Hivyo ndivyo kombi ya Madam Helga ilivyofika mwisho wa safari yake, Dagoretti, nyuma ya zizi la baba mkwe wangu. Nyambura alilala chumba chake cha usichana. Mimi nililala kwenye kitanda cha kukunja na mapazia ya maua, na kila saa natoka kumtazama mtamba ubavu wa kushoto. Mvua ilikuwa inakuja na kwenda inavyotaka. Mama mkwe alikuwa akituma uji kupitia kwa watu, kwa sababu kwa mila zetu, na kwa habari alizokuwa amesikia juu ya lile joho, haikufaa tuonane bado. Majirani walikuwa wanapita kuona ng'ombe. Hawakuwa wanaangalia ng'ombe.

Siku ya tatu tulikuwa zizini, Mzee anakata nyasi na mimi nazipanga, mabati yanapigwa na mvua juu yetu. Akasimamisha panga.

"Ungeniambia unataka kwenda kutembea na mke wako, ulidhani ningesema nini?"

"Ungesema ng'ombe kwanza."

Akafikiri. "Ningesema hivyo," akakubali. "Halafu mama yake angenisikia, na baada ya dakika kumi ningekupigia tena nikuambie muende salama." Akaendelea kukata.

Nikapanga nyasi. Jioni hiyo Nyambura akaja kwenye kombi na chupa ya chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama mvua dirishani muda mrefu. Akaniuliza kama Sofia amekula. Nikamwambia amekula vizuri. Akamimina vikombe viwili. Nawaambieni ndiyo chai niliyoifurahia kuliko zote nilizowahi kunywa.

Joho halikurudi kuwa jeupe. Tulinunua jingine, na Nyambura akamwambia Madam Helga kila kitu (kila kitu, bila kuniuliza), na yule mama akacheka mpaka akatafuta kiti.

Mimi tangu siku hiyo sijaua jamaa yangu yeyote. Nikialikwa mahali nisipotaka kwenda, nasema sitaki kwenda, na hilo limenigombanisha na kamati tatu za arusi na kwaya moja. Kazini niliwahi kumwambia wakili kwamba kesho siji, na si mgonjwa, nimechoka tu, akanitazama kama nimemtukana, akanipa ruhusa. Na Naivasha bado sijaiona. Nyambura anasema tutaenda siku moja. Lakini amesema kwanza nimpigie baba yake simu, nimwambie mwenyewe, na yeye awe amesimama pale akisikia.